Usimwambie Daktari Kuwa Hujambo

Mwanangu Rukia,

Salamu sikuletei, maana uko upande wa pili wa ukuta na ninakusikia. Shangazi yako anakusuka, nawe unalalamika kwamba anavuta. Nikikohoa utanisikia pia. Lakini yako maneno ambayo mdomo wangu huyaharibu na kalamu huyaweka sawa, kwa hiyo nimejifungia chumbani baada ya sala ya alasiri, nimeketi juu ya kitanda hiki cha samadari ambacho bado najiona mgeni juu yake, naandika. Barua nitaitia katika mkoba wako, si wa baba yako. Isome melini, mkishaiacha Kilindini na pwani yetu ikishazama nyuma yenu.

Ya dawa, chakula na mablanketi sitayaandika. Shangazi yako ameyasema tangu juzi mpaka paka wa jirani ameyahifadhi. Nitasema la nguo tu, kwa sababu linanihusu. Yale magauni yako uliyoyaona kambani leo yanachuruzika maji, nilikuwa nimeshayafua jana na kuyafukiza udi mwingi. Nikasema, mwanangu asiende Bombei akanuka sabuni ya kipande. Alfajiri nikakumbuka alivyotuambia daktari: ngozi itakayopigwa mionzi isiguswe na mafuta, wala poda, wala manukato ya namna yoyote. Nikayarudisha kwenye beseni. Mapenzi yangu, Rukia, yananukia udi. Hayo ndiyo niliyofundishwa kwetu. Sasa najifunza kupenda kwa maji matupu.

Niruhusu nianze na furaha, maana bila kuijua furaha yangu hutalielewa kosa langu.

Nilimpenda baba yako kabla hajaniposa. Shangazi yako haamini jambo hili, anasema mwanamke humpenda mume akishaiona tabia yake. Nilikuwa nimemaliza sekondari, napiga taipu katika ofisi moja mjini, na kila jioni navuka feri kurudi kwa mama yangu kule Bofu. Baba yako alikuwa akitoka bandarini na shati lake la kaki, nyusi zimejaa vumbi la simenti kama mzee wa miaka themanini. Jioni moja upepo ulitaka kuniondolea buibui. Nikashika buibui, nikaachia vitabu. Akaviokota, akanipa bila neno, ila kimoja akakisahau mkononi mwake. Alipokirudisha kesho yake, ndani mlikuwa na ua la asumini. Nilipokuja kuwa mkewe nikamuuliza juu ya ua lile, akasema hakuliweka yeye. Mpaka leo sijui mwongo ni yupi, yeye au ua.

Basi niliingia nyumba hii ya mtaa wa Shika Adabu na kichwa kilichojaa asumini. Nilijua mna msiba wa zamani humu ndani, kwamba marehemu mama yako alifariki ukiwa mdogo na shangazi yako, Bi Mishi, ndiye aliyekulea. Nilijua yuko msichana wa miaka kumi na minne, mrefu, ambaye akiitwa husema "abee" kabla jina lake halijamalizika. Nikaapa moyoni kwamba atanipenda. Kila kitu kilikuwa kinanipenda siku zile. Kwa nini si yeye?

Unazikumbuka siku za fungate. Bibi harusi hatoki chumbani, hagusi chungu, anasugwa mwili kwa singo, anakaa na mumewe, na chakula anapelekewa. Shangazi yako akaamua chakula ukilete wewe, "ili wazoeane." Siku ya kwanza mchuzi ulimwagika kidogo ukingoni mwa sinia. Siku ya pili ulifika mlangoni, nikakuona umesimama, unaliangalia sinia kama mtu anayesoma kitu, kisha likakuponyoka lote. Kuku, wali, bakuli la achari, vyote juu ya mkeka mpya. Shangazi yako akaja mbio.

"Umefanyani?"

"Mkono umelala, shangazi."

"Mkono umelala au moyo umelala?"

Akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata wewe uliisikia, "Bibi harusi, usishughulike. Huyu hana maradhi. Yuwafanya makusudi. Ni kijicho cha mtoto aliyezoea babake ni wake peke yake."

Nami nikaamini. Ukweli ndio huo. Nikaamini kwa sababu hadithi ile ilinifaa: mtoto mwenye wivu, na mama wa kambo mwema atakayemshinda kwa upole. Nikasema, "Mwacheni, mimi simchukii. Na kesho aniletee yeye yeye." Nikakuagiza sinia kila siku, Rukia. Nikiwa nimekaa na hina mkononi, nakutabasamia kila unapojikwaa kizingitini. Likianguka, nasema, "Si neno, mwanangu." Wanawake waliokuja kunisuga walinisifu. Mmoja alisema, "Mama wa kambo gani huyu, ana subira ya punda." Nikafurahi kama aliyepewa taji.

Kisha ukaja siku ile baba yako yuko msikitini. Ulikaa chini mlangoni, ukasema, "Nisamehe, Bi Zuhura. Sijui kwa nini ninakufanyia hivi."

Nami nikakusamehe.

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko mashairi yote niliyowahi kuyapenda. Nilikusamehe. Nilisamehe kosa ambalo hukulifanya, na kwa kulisamehe nikakuaminisha kwamba umelifanya. Shangazi yako alikusingizia kwa ukali, mimi kwa utamu, na utamu wangu ndio uliokuingia. Kuanzia hapo hukusema tena kwamba mkono umelala. Ulikuwa unaushika kwa mkono wa pili, chini ya leso, ili tusiuone.

Fungate ikaisha, nikatoka chumbani, nikaanza kuwa mke wa kuonekana. Jioni moja nilikuwa nafukiza kanzu ya baba yako, kwa kuwa nilitaka akirudi kazini kwenye makelele ya winchi avae kitu kinachonikumbusha. Nawe ulisimama karibu yangu unanisimulia habari za mwalimu wenu wa hesabu aliyekalia chaki. Tulikuwa tunacheka. Kaa moja la moto likadondoka kutoka kwenye chetezo, likabingirika. Nikalitafuta kwa macho nisilione. Wewe ukaendelea kusimulia. Kisha nikasikia harufu, na haikuwa ya udi.

"Rukia, inua mguu."

"Abee?"

"Inua mguu wako."

Ukainua. Kaa lilikuwa limegandamana na unyayo wako, bado jekundu upande mmoja. Ukaliangalia kama unavyoangalia kitu cha mtu mwingine. Ukasema, "Sikuliona." Hukusema sikulisikia. Uliniomba radhi tena, mwanangu, kwa sababu umekanyaga kaa langu.

Hapo asumini yote ilinitoka kichwani. Nilikimbia bila buibui mpaka njiani kumngoja baba yako, na watu wa Likoni wanalo la kusema mpaka leo.

Hospitali ya kwanza, daktari alikuuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Hujambo?" Ukajibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Akauliza unaumwa wapi. Ukasema si sana. Akauliza mkono unafanya kazi. Ukasema, "Unafanya, daktari, ahsante." Alikuwa ameshaanza kufunga kalamu yake. Mimi nikakuvua kiatu, nikamwonyesha unyayo. Kama nisingekuwepo, Rukia, adabu yako ingekurudisha nyumbani ukafe vizuri.

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe, na kama mengine yote yatalowa chumvi melini, hili lisilowe. Tulikulea useme sijambo. Mtoto wa pwani akiulizwa hali husema njema hata akiwa amelala kitandani na homa, kisha ndipo, kwa zamu yake, kwa sauti ndogo, akasema "ila kidogo tu." Ni jambo zuri. Sikwambii uliache kabisa. Liache mlangoni mwa daktari, kama unavyoacha viatu mlangoni mwa msikiti, ukitoka utavikuta. Ndani mle, akikuuliza, mwambie pale panapouma na pale ambapo hapaumi na pangepaswa kuuma. Mwambie kabla hajamaliza kuuliza. Na kama hatakusikiliza, mvute baba yako kanzu mpaka asikilize.

Safari ya Nairobi unaijua, upasuaji uliulala. Nitakwambia ulichokikosa. Daktari mpasuaji alituita ofisini, akasema kwa Kiingereza, nami nikamfasiria baba yako neno kwa neno, nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Alisema uvimbe wenyewe ni wa nadra, kwamba tangu aanze kazi amekutana nao mara chache. Ulikuwa ndani ya uti wa mgongo, chini kidogo ya shingo. Sehemu iliyoachia ameikata. Lakini iliyobaki imejishikiza kwenye mishipa ya fahamu kama chaza kwenye mwamba, na kuibandua ni kubandua mikono na miguu yako pamoja nayo. Hiyo haikatwi. Hiyo hupelekewa mionzi, na mashine ya kufika kina kile huku kwetu haipo. Baba yako aliuliza kitu kimoja tu: "Muulize, ikiachwa?" Nikauliza. Daktari akatikisa kichwa, akafunga faili lako. Hakuhitaji mfasiri.

Kisha ikaja ile asubuhi ya kurudi. Gari la moshi limeshapita Mariakani, minazi imeanza, umelala juu ya benchi na shingo imefungwa, uso wako mdogo kama sahani ya chai. Ukauliza, "Baba, kimetoka chote?"

"Chote, mama. Alhamdulillahi, kimetoka chote."

Ukanigeuzia macho. "Bi Zuhura, wewe ndiye uliyeongea na daktari."

Nikaangalia nje. Nilikuwa bibi harusi wa miezi michache, na mwanamume ninayempenda kuliko pumzi yangu alikuwa ameketi mbele yangu ananiomba kwa macho. Nikahesabu minazi. Tukafika Changamwe, gari likapunguza mwendo, nikasikia harufu ya mafuta na bahari. Nikakumbuka sinia. Nikasema, "Hapana. Kimebaki kipande."

Baba yako aliinuka akasimama mlangoni mwa behewa mpaka tulipoingia stesheni.

Ugomvi wetu wa kwanza uliusikia, ukuta huu hauzuii kitu. Alisema, "Mtoto alikuwa amefurahi. Ungemwachia angalau wiki." Nikasema, "Nimeshamkosea mara moja kwa maneno matamu, Salim. Sina uso wa mara ya pili." Akasema, "Umeingia nyumba hii juzi tu." Ndipo wewe, ukiwa umelala huko, ukasema kwa utulivu kama mtu anayeomba maji, "Baba, mimi nilikuwa najua. Nilitaka kuona kama mtaniambia."

Ijumaa yake nilikuta kikuba juu ya mto wangu, asumini na mrehani, kibichi bado. Baba yako hakuomba radhi wala mimi sikuomba. Nilikivaa. Mwanangu, nitakwambia la watu wazima kwa kuwa unakwenda mbali: nilimpenda zaidi baada ya kugombana naye kuliko nilipokuwa sijamjua kwa hasira. Mapenzi ya feri yalikuwa matamu. Haya yana uzito. Siku hizi wenzake wakivuka wanabishana juu ya uhuru na mwambao, Waingereza wakiondoka pwani itakuwa ya nani, na wanamuuliza yeye yuko upande gani. Ananiambia huwajibu, "Niko upande wa mgongo wa mwanangu." Wanamwona amerukwa na akili. Mimi nikimwangalia nasahau ninachopika.

Ya Bombei nitakwambia kama nilivyoambiwa, bila sukari. Utalazwa kifudifudi juu ya meza. Watakuchora alama kwa wino nyuma ya shingo. Kisha watu wote watatoka, hata baba yako, na mlango utafungwa, utabaki wewe na mashine. Hutaona kitu. Hutasikia moto. Utaambiwa usitikisike, na utataka kutikisika kwa sababu umeambiwa usifanye hivyo. Itarudiwa siku baada ya siku, muda mrefu. Ngozi itaiva na kuwa nyeusi, koo litauma ukimeza, utachoka uchovu usiofanana na kazi. Nywele za kisogoni zitapukutika, hizo hizo ambazo shangazi yako anazisuka sasa kwa nguvu kana kwamba anazifunga zisiondoke. Anajua. Nilimwambia. Tangu siku ya kaa hajakutazama machoni, unadhani amekasirika. Hakukasirika. Alikulea kwa mikono yake na akakusingizia kwa mdomo wake, na hajui aanzie wapi. Jana alikwenda nyuma ya jiko akalia ndani ya kapu la nazi. Usimwambie nimekwambia. Ukirudi, mbusu wewe kwanza.

Utauliza kama mionzi itatosha. Nilimuuliza daktari mara mbili. Mara zote mbili alisema, "Tutajaribu." Sikulipenda neno hilo. Lakini ndilo alilokuwa nalo, na mimi sina jingine la kukupa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha hapa.

Leo asubuhi ulikuwa unachana nywele karibu na dirisha, na chanuo likakuponyoka. Tangu upasuaji vidole vyako vilikuwa vinarudi. Ulifunga vifungo, ulishika kalamu, tulikuwa tunashukuru. Leo chanuo likaanguka. Ukaniangalia. Nikakuangalia. Nikasema, "Hujambo, mwanangu?" Ukasema, "Sijambo." Ukaliokota kwa mkono wa kushoto, ukaendelea, na mimi nikaenda kuanika nguo. Nimefika kambani nikabana gauni lile lile mara tatu.

Unaona, Rukia? Baada ya yote tuliyoyapitia. Ni mimi niliyekuuliza swali ambalo lina jibu moja tu.

Nilitaka kukaa kimya. Nikajisemea, meli ni kesho, tukingoja nyingine ni mwezi mzima, akimwambia mtu wa meli kwamba hali imerudi nyuma watakataa kumchukua. Nikajisemea, huenda ni jasho tu. Nikaona naanza tena kuchagua hadithi inayonifaa. Nikavaa buibui, nikavuka, nikamfuata baba yako mpaka lango la bandari, nikamwambia mbele ya makuli: chanuo limeanguka. Akavua kofia, akasema, "Basi twende kwa daktari sasa hivi, mimi na wewe." Tulikwenda. Daktari alisema huenda ni uvimbe unaosogea, huenda ni mishipa inapona kwa kurukaruka, na kwamba kwa vyovyote dawa ni ile ile na iko Bombei, na mwende kesho, msikose. Ameandika. Baba yako anayo karatasi. Kwa hiyo usimfiche melini. Anajua tayari. Hakuna wa kumlinda.

Jambo jingine tulilizungumza tukirudi ndani ya feri. Baba yako anataka ubebwe kesho kwenye ngazi ya meli, kwenye kiti, na makuli wawili anaowaamini. Anasema watu watakuwa wengi gatini, na ukijikwaa watakuangalia. Nikamwambia nitakuuliza wewe. Kisha nikaona kukuuliza hakutoshi, maana utasema "mnavyoona nyinyi." Kwa hiyo nakwambia ninavyotaka mimi. Barua utaisoma ukishapanda, lakini maneno haya nitakunong'oneza pale chini kabla hujakanyaga ngazi, ili uyasikie kwa sauti kabla ya kuyasoma.

Ukitaka kubebwa, bebwa. Hakuna aibu katika kiti. Lakini ukitaka kutembea, tembea kama miguu inavyotaka, si kama watu wanavyotaka. Mkono ukilala, sema umelala. Ukijikwaa, jikwae. Ukianguka, anguka kwa sauti, na usimwombe mtu yeyote radhi, hata baba yako, hata mimi.

Lile sinia bado liko jikoni. Limebonyea ukingoni pale lilipogonga kizingiti. Fundi alitaka kulinyoosha, nikamkataza. Ukirudi, inshallah, utaniletea chai juu yake, nami nitakuwa nimekaa kwenye mkeka ule ule wenye doa la mchuzi. Huenda likafika. Huenda likaanguka. Likianguka sitasema si neno, wala sitakusamehe. Nitauliza mkono kwanza.

Shangazi yako ameacha kusuka. Nasikia unaniita. Nakuja.

Ni mimi,
Zuhura, wa upande wa pili wa ukuta